Wazimu Uendao na Kurudi: Habari ya Jina la Ugonjwa katika Nchi ya Korogwe na Handeni

Katika milima ya Usambara, upande wa Wilaya ya Korogwe, pana mahali paitwapo Lutindi. Mwaka 1896 chama kimoja cha Wakristo wa Kijerumani, Evangelischer Afrika-Verein, kilijenga hapo nyumba ya kulelea watoto waliokombolewa utumwani. Biashara ya watumwa ilipozidi kufifia watoto nao wakapungua, na katika miaka ya 1904 na 1905 nyumba ile ikageuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili. Ilikuwa hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, nayo ingali ikifanya kazi hata leo chini ya Kanisa la Kilutheri. Hospitali ya Dodoma, tuijuayo kwa jina la Mirembe, ilianzishwa na Waingereza mwaka 1927. Hivyo Lutindi ilikuwa imekwisha kuishi zaidi ya miaka ishirini kabla yake.

Habari za Lutindi zimeandikwa mara kadhaa na wanahistoria wa misheni na wa utabibu. Mimi si tabibu, wala sikusudii kurudia yaliyokwisha kusemwa. Linalonihusu hapa ni jambo dogo ambalo mtu wa lugha aweza kulichunguza kwa haki, yaani jina. Mgonjwa akiletwa kwa daktari hupewa jina la ugonjwa wake, na jina hilo huandikwa. Je, jina hilo hudumu? Mgonjwa akija tena baada ya miaka mitano, akatazamwa na mtu mwingine, ataitwa vile vile? Kwa jipu au mfupa uliovunjika swali hili ni la mchezo. Kwa maradhi ya akili ni swali gumu, na gumu zaidi ni lile la ugonjwa ambao siku hizi huitwa bipola, ugonjwa wa nyuso mbili: mara mtu hujaa nguvu, akasema bila kikomo, akakesha, akagawa mali yake na kujiona mfalme, mara huzama katika majonzi, asile, asiseme, hata akatamani kufa. Na katikati ya hali hizo mbili huwa mzima kama wewe na mimi.

Hiyo katikati ndiyo yenye matata. Ugonjwa ambao mtu anao na huku haonekani kuwa nao hauelekei kutiwa katika daftari.

Yafaa kwanza tuone jina lenyewe lilivyozaliwa, kwa sababu lilipofunguliwa daftari la kwanza la Lutindi jina hilo lilikuwa bado changa. Huko Paris, mwaka 1854, madaktari wawili, Falret na Baillarger, waligombea heshima ya kuwa wa kwanza kueleza kwamba wazimu wa furaha na wazimu wa huzuni waweza kuwa ugonjwa mmoja unaozunguka. Wazo hilo lilikaa miaka arobaini na zaidi likiwa la wachache. Mwaka 1899 Mjerumani Emil Kraepelin, katika chapa ya sita ya kitabu chake cha utabibu wa akili, aligawa wazimu mkubwa mafungu mawili. Fungu moja aliliita dementia praecox, ambalo baadaye liliitwa skizofrenia. La pili aliliita wazimu wa mania na huzuni. Kipimo chake cha kutenganisha mafungu hayo hakikuwa hasa namna mgonjwa alivyo leo, bali namna atakavyokuwa baadaye. Wa fungu la kwanza, alisema, huharibika siku hadi siku. Wa fungu la pili hupona, kisha huugua tena, kisha hupona.

Msomaji atazame jambo hilo kwa makini. Jina lilitegemea wakati tangu siku lilipotungwa. Daktari aliyemwona mgonjwa mara moja tu alitakiwa kutaja jambo ambalo lingejulikana baada ya miaka mingi.

Sasa tuilete elimu hiyo katika nchi yetu. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Pande zote za reli palikuwa pakilimwa mkonge, na kazi ya mkonge ilileta watu wa mbali: Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena na wengineo, pamoja na wenyeji wa nchi, yaani Wasambaa, Wabondei na Wazigua wa Handeni. Mtu wa Handeni aliyepatwa na wazimu alikuwa na nduguze wa kueleza alivyokuwa jana na juzi, kama ameugua mara ya kwanza au ya nne, kama mjomba wake naye aliugua hivyo. Lakini kibarua aliyetoka mwendo wa majuma kadhaa alikuwa peke yake. Alikamatwa kwa sababu alipiga kelele usiku au alimshambulia mnyapara, akaletwa. Nani wa kusimulia maisha yake? Kwa mtu kama huyo, ule wakati ambao Kraepelin aliufanya kuwa msingi wa elimu yake haukuwapo kabisa. Palikuwa na leo tu.

Tena palikuwa na lugha. Mgonjwa alisema Kizigua au Kisambaa, mtu wa kati alikigeuza kuwa Kiswahili, na mwandishi akakigeuza kuwa Kijerumani. Baada ya vita vya 1914–1918, watu wa serikali walikigeuza kuwa Kiingereza. Katika kila daraja kitu kilianguka majini. Hapa naomba ruhusa ya kukaa kidogo, maana ndipo penye kazi yetu.

Kiswahili kina maneno mengi ya wazimu, na kila moja lina tabia yake. Wazimu lenyewe lina shina lile lile la mzimu na kuzimu, shina lililoenea katika lugha nyingi za Kibantu kwa maana ya roho ya mtu aliyekufa. Kwa umbo lake lingestahili kuwa la ngeli ya watu, wingi wa mzimu. Lakini twasema wazimu umempanda, wala hatusemi wamempanda. Neno limehama kutoka kundi la viumbe likaingia katika kundi la hali. Hata hivyo kitenzi kimebaki pale pale: wazimu humpanda mtu kama vile shetani ampandavyo, humwingia, kisha humwacha. Msemaji anayesema hivyo amekwisha kukiri, bila kujua, kwamba hali hii ni ya kuja na kuondoka. Kadhalika kurukwa na akili: akili imeruka kama ndege, na ndege aweza kurudi mtini.

Kichaa ni neno la namna nyingine. Laweza kuwa jina la ugonjwa, ana kichaa, na laweza kuwa jina la mtu, yule ni kichaa, wingi wake vichaa. Ugonjwa na mgonjwa vimekuwa kitu kimoja. Mwendawazimu na mwehu pia ni majina ya watu. Kati ya ana na ni pana umbali mkubwa kuliko unavyoonekana katika sarufi. Aliye na kitu aweza kukipoteza; aliye kitu ndivyo alivyo. Mtu aliyepandwa na wazimu mara mbili katika miaka kumi, na miaka iliyobaki akalima shamba lake na kusomesha watoto, huitwa bado yule kichaa kijijini kwake, hata mbele ya wanawe. Sijui lugha ambayo imeepukana na jambo hili, wala Kijerumani na Kiingereza hazikuepukana nalo.

Kwa upande wa huzuni mambo ni kinyume. Tuna huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, na kitenzi kusonona, ambacho zamani kilikuwa na maana ya kuumia au kusikitika na sasa kimetoa neno sonona, litumiwalo na madaktari wa Tanzania kwa ugonjwa wa huzuni nzito. Ni uteuzi mzuri, na mimi naupenda. Lakini kabla ya uteuzi huo hapana hata moja kati ya maneno haya lililokuwa jina la ugonjwa. Yalikuwa majina ya mambo yampatayo kila mtu aliyefiwa. Anayeugua huzuni hasemi naugua huzuni. Husema moyo unamwenda mbio, kichwa kina moto, mwili hauna nguvu, usingizi umepotea. Hupewa dawa ya homa, au hupelekwa kwa mganga. Handeni ina sifa ya waganga tangu zamani, na watu hutoka mbali kuwafuata.

Basi tuunganishe mambo hayo mawili. Uso mmoja wa ugonjwa una kelele na una jina. Uso wa pili una kimya na hauna jina. Mtu aliye katika mania huletwa hospitali kwa kamba. Mtu huyo huyo, miezi minane baadaye, amelala ndani akitazama ukuta, na hakuna amletaye, kwa kuwa hamsumbui mtu. Hospitali inauona uso mmoja tu. Ikiwa daktari ni mfuasi wa vitabu, ataandika mania. Ikiwa mgonjwa anasikia sauti, kama wengi katika mania wasikiavyo, ataandika skizofrenia. Kisha mgonjwa anatoka, na jina linabaki katika jalada likimngojea.

Kutokana na njia hiyo yalizaliwa maneno makubwa kuhusu Waafrika wote. Kraepelin mwenyewe alikwenda Java mwaka 1904 akarudi na habari kwamba huzuni ya namna ya Ulaya ni haba huko. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, alisema hivyo juu ya Waafrika katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akatafuta sababu yake katika akili ya Mwafrika. Hakutafuta vya kutosha katika mlango wa hospitali yake, ambao ulipitisha wenye kelele tu. Margaret Field, aliyekwenda kuwatazama watu huko Ghana mahali pa matambiko walipokwenda kwa hiari yao, aliwakuta wenye huzuni nzito wengi, akatangaza habari hiyo mwaka 1960. Watu wale hawakupungukiwa na huzuni. Waliipeleka mahali pengine.

Lakini tusiwalaumu wa zamani peke yao, wala tusidhani kwamba Ulaya na Marekani walikuwa na jina imara. Katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba hospitali za New York zilikuwa na wagonjwa wa skizofrenia wengi mno, na hospitali za London zilikuwa na wenye mania na huzuni wengi kuliko New York. Je, bahari ya Atlantiki hugeuza maradhi? Madaktari wa pande zote mbili waliunda kikundi kimoja, wakawauliza wagonjwa wa miji yote miwili maswali yale yale kwa utaratibu ule ule. Matokeo yalitangazwa mwaka 1972: sehemu kubwa ya tofauti ilitoweka. Tofauti ilikuwa kwa madaktari. Na haikuwa tofauti ya maneno matupu, kwa sababu dawa ya lithiamu, ambayo John Cade wa Australia aliieleza mwaka 1949, huwafaa wenye bipola, na aliyeandikiwa skizofrenia hakupewa.

Tangu hapo jitihada zimekuwa nyingi. Leonhard mwaka 1957 alitenga wenye nyuso mbili na wenye huzuni peke yake. Angst na Perris, kila mmoja kwa njia yake, walilithibitisha hilo mwaka 1966. Mwaka 1970 Robins na Guze wa Marekani waliweka masharti ambayo jina la ugonjwa wa akili lapasa kuyatimiza, na moja lilikuwa hili: mgonjwa afuatwe miaka kadhaa, na jina likibadilika, liwe na mashaka. Mwaka 1980 Wamarekani wakatoa kitabu cha masharti ya kila ugonjwa, na jina la bipola likakaa rasmi.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni upatano wa madaktari wawili wanaomtazama mtu mmoja kwa wakati mmoja. Hupimwa kwa kipimo kiitwacho kapa, alichokitunga Jacob Cohen mwaka 1960: sifuri maana yake wamepatana kwa bahati tu, moja maana yake wamepatana kabisa. Katika majaribio ya kitabu cha Wamarekani cha 2013, bipola ya namna ya kwanza ilipata 0.56, na huzuni kubwa ilipata 0.28 tu. Kwa hiyo bipola si mbaya, ukiilinganisha na jirani zake. La pili ni kudumu kwa jina kupita miaka, nako ndiko kwenye shida. Madaktari wawili waweza kupatana leo kwamba mtu ana huzuni kubwa, wakawa wamepatana vizuri, na mania ikatokea mwaka wa saba. Hawakukosea kwa yale waliyoyaona. Wagonjwa wa chama kimoja cha Marekani walipoulizwa mwaka 2000, asilimia 69 walisema kwamba mwanzo walipewa jina jingine, na zaidi ya theluthi walingoja miaka kumi au zaidi kupata jina la haki. Hizo ni habari za watu waliojieleza wenyewe, nazo zichukuliwe hivyo. Lakini hao waliishi katika nchi yenye madaktari wengi.

Kuna neno moja zaidi kuhusu masharti, ambalo wana-sarufi watalipenda. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani kilichopitishwa mwaka 1990, chapa ya kumi, kilitaka vipindi viwili au zaidi ndipo mtu aitwe mwenye bipola. Mwenye mania ya mara moja aliwekwa fungu lake. Wamarekani walitosheka na mania moja. Chapa ya kumi na moja, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imekubaliana na Wamarekani. Hivyo mtu wa Korogwe aliyepata mania mara moja mwaka 2015 hakuwa na bipola kwa kitabu cha kwanza, na anayo kwa kitabu cha pili, naye hakubadilika hata unywele.

Afrika ina matata yake mengine. Makanjuola alieleza mwaka 1985 kwamba huko Nigeria, kati ya Wayoruba, wapo wengi wanaorudiwa na mania tupu bila huzuni. Je, huzuni haikuwapo, au haikuletwa? Nchini Uganda, Nakimuli-Mpungu na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba pana mania itokanayo na virusi vya UKIMWI, yenye sura yake na umri wake. Malaria ya kichwani nayo humfanya mtu aweweseke. Na juu ya malaria, uchunguzi wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 4,474 waliotibiwa kwa malaria kali, 2,062 tu ndio waliokuwa na vijidudu katika damu. Huo ni ugonjwa wenye hadubini! Mazoea ya mahali yaliushinda ushahidi wa kioo. Bipola haina hadubini.

Kazi iliyo bora kupita zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Butajira nchini Ethiopia, ambako watu zaidi ya 68,000 waliulizwa nyumba kwa nyumba, na waliopatikana na bipola wakafuatwa kwa miaka. Hapo mlango wa hospitali haukuchagua mtu. Kazi kama hiyo ingewezekana Handeni, ambako vijiji vimetawanyika na ndugu hukaa pamoja. Na mwulizaji ingempasa ajue Kizigua, siyo Kiswahili tu, maana jambo la moyo husemwa kwa lugha ya mama.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya madaktari, na jina likikosewa leo litasahihishwa kesho. Sheria haingoji kesho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yairuhusu mahakama kuibatilisha ndoa ikiwa mmoja wa wanandoa, siku ya ndoa, alikuwa mtu wa kupatwa na wazimu wa kurudiarudia, au kifafa. Tena katika mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika imo hati ya madaktari wawili, mmoja wao awe bingwa wa maradhi ya akili, isemayo kwamba hapana tumaini la kupona. Tazama basi kinachotakiwa. Katika shauri la kwanza daktari aseme yaliyopita, kwamba ugonjwa ulikuwa ukirudi kabla ya ndoa. Katika la pili aseme yajayo, kwamba hautaondoka. Naye anaye mtu mmoja aliyeketi mbele yake leo, pamoja na jalada ambalo pengine lina majina matatu tofauti yaliyoandikwa na watu watatu. Mke aliyeandikiwa skizofrenia mwaka mmoja na bipola mwaka mwingine yu mgonjwa asiye na tumaini, au ni mtu ambaye hupona na kulima kati ya kipindi na kipindi? Nyumba, watoto na shamba hutegemea jibu.

Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo hakimu wa Korogwe atapaswa kuandika shauri la namna hii kwa Kiswahili, na kamusi zetu zitampa wazimu, kichaa, mwendawazimu. Lau ningeulizwa na wakalimani wa sheria, ningewaomba waache kabisa majina ya watu, waandike amepatwa na vipindi vya wazimu, na mara moja waongeze ni vingapi, vya miaka gani, na kati yake mtu huyo alikuwa katika hali gani. Sentensi itakuwa ndefu, na karani atanung'unika.